Joost: Runinga ya Intaneti Niliyoipa Alama 8 kwa 10

Leo niruhusuni niweke kando habari za seva na misimbo, turudi nyuma hadi mwaka 2007, niwasimulie kuhusu programu moja ambayo wengi wenu mmeshaisahau, na vijana miongoni mwenu huenda hamkuwahi kuisikia. Jina lake ni Joost. (Wenyewe walitaka litamkwe kama "juust", lakini hapa Nairobi kila mtu alilitamka alivyotaka.)

Kilichonikumbusha ni diski ngumu ya zamani. Wiki iliyopita nilikuwa nikiisafisha ili nimpe mpwa wangu, nikakuta faili ya kurasa 3 niliyoiandika mwezi Mei 2007. Kichwa chake: "Tathmini ya Joost kwa matumizi ya kusambaza filamu". Niliiandika kwa niaba ya rafiki yangu mmoja, mtayarishaji wa filamu pale River Road. Nimeisoma mara mbili. Si kwamba nilidanganya ndani yake, la. Nilichopima nilikipima sawasawa, na tarakimu zangu hata leo ziko sahihi. Lakini rafiki yangu aliufuata ushauri ule, na ukamgharimu miaka. Ndiyo maana nimeona nisiifute faili ile kimyakimya.

Kwanza niwaeleze huyu rafiki alikuwa anatafuta nini. Wale mliozoea Nairobi mnajua kwamba mtaa wa River Road ulikuwa na sekta yake ya filamu, ambayo watu waliibatiza Riverwood. Filamu za Kikuyu, Kikamba, Kiswahili na lugha nyingine, zinazopigwa kwa siku chache kwa kamera ndogo, zinahaririwa kwenye kompyuta moja katika chumba cha ghorofani, kisha zinauzwa kwa VCD madukani chini. Rafiki yangu alikuwa akitengeneza vichekesho. VCD yake aliiuza kwa shilingi 200, na kabla ya wiki kuisha nakala ya wizi ilikuwa kwenye meza ya mchuuzi kwa shilingi 50. Zaidi ya hayo, alikuwa akipigiwa simu na Wakenya walioko Marekani na Uingereza, wakimwuliza watapataje filamu zake. Aliwahi kutuma VCD 40 kwa binamu yake huko Atlanta auze, na fedha alizorudishiwa hazikulipa hata nauli ya kifurushi.

Siku moja akanikuta kwenye kibanda cha chai akaniuliza, "Sasa wewe fundi wa kompyuta, huko kwenye intaneti hakuna mahali mtu anaweza kuweka filamu ikatazamwa bila kuibwa?"

Nilimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba papo, nampa wiki mbili niichunguze. Nilikuwa nimepata mwaliko wa Joost kutoka kwa mtu niliyefahamiana naye kwenye orodha ya barua pepe ya waprogramu. Wakati huo kitu kizuri mtandaoni hukuingia tu, ulialikwa, na ukialikwa ulijiona kama umepewa funguo za mji.

Joost haikutokea hewani. Nyuma yake walikuwa watu wawili, Niklas Zennström wa Uswidi na Janus Friis wa Denmaki. Hawa ndio waliotuletea Kazaa mwaka 2001, ile programu ambayo vijana wa mabwenini walipakulia nyimbo usiku kucha, na ambayo kampuni za muziki ziliiandama mahakamani. Kisha mwaka 2003 wakaleta Skype, na mwaka 2005 wakaiuza kwa eBay kwa dola bilioni 2.6. Sehemu kubwa ya msimbo wa Kazaa na Skype iliandikwa na waprogramu wa Estonia, na wazo la programu zote mbili lilikuwa moja: usinunue seva nyingi, tumia kompyuta za watumiaji wenyewe. Kila anayejiunga analeta diski yake na waya wake wa intaneti. Walishalifanyia muziki, wakalifanyia simu. Runinga ndiyo iliyofuata.

Mradi ulianza kwa siri mwaka 2006 kwa jina la The Venice Project, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika mji wa Leiden huko Uholanzi. Mkuu wa ufundi alikuwa Dirk-Willem van Gulik, mtu ambaye sisi wa programu huria tulimjua kwa kazi yake katika Apache. Januari 2007 jina la Joost likatangazwa. Mwezi Mei wakatangaza kwamba wamepata mtaji wa dola milioni 45, na kati ya waliotoa walikuwepo CBS na Viacom, yaani wenye runinga wenyewe. Mwezi Juni wakamleta Mike Volpi kutoka Cisco awe mkurugenzi mkuu.

Habari ya Viacom ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Februari 2007 Viacom waliwaambia YouTube waondoe klipu zaidi ya 100,000. Mwezi huohuo wakatia saini na Joost. Machi wakaishtaki YouTube na Google wakidai zaidi ya dola bilioni 1. Mimi nikiwa nimeketi Nairobi nikasoma haya na kuhitimisha: wenye mali wameshachagua. YouTube ni soko la wizi lenye picha za ukungu, na Joost ni duka lenye mlango na mlinzi. Mtu wa River Road ambaye ameibiwa kila wiki atachagua lipi? Niliandika hivyo katika ukurasa wa kwanza wa tathmini, karibu kwa maneno hayohayo.

Haya, sasa programu yenyewe. Ilihitaji Windows XP na kumbukumbu ya megabaiti 512, jambo ambalo kwa kompyuta nyingi za hapa kwetu mwaka ule halikuwa dogo. Kwa Mac zenye chipu ya Intel pia ilikuwepo. Sisi watu wa Linux tuliambulia patupu, kwa hiyo nilirudi Windows kwa ajili yake, jambo ambalo marafiki walinicheka. Ukiifungua, inaijaza skrini yote. Hakuna fremu ya dirisha, hakuna menyu ya juu. Unasogeza kipanya na vidhibiti vinaelea juu ya picha, vinang'aa kidogo, kisha vinajificha vyenyewe. Pembeni ungeweza kuweka saa, habari, au kuzungumza na watu wengine wanaotazama chaneli ileile. Yote haya yalijengwa juu ya teknolojia ya Mozilla, ileile inayochora Firefox, na kwangu mimi hilo lilikuwa la kushangaza: kumbe vipande vya kivinjari vinaweza kutengeneza runinga!

Picha ilikuwa ya kodeki ya H.264, na kwa wakati ule ilikuwa safi ajabu. Kumbukeni YouTube ya 2007 ilikuwa kijisanduku cha nukta 320 kwa 240, ukiikuza unaona mraba juu ya mraba. Joost ilijaza skrini ya inchi 17 na ukaona jasho la mwanamuziki.

Ndani yake ilifanya kazi hivi. Kila kipindi kilikatwakatwa vipande vidogo vilivyofumbwa kwa siri. Ukibonyeza kutazama, programu inatafuta ni kompyuta zipi duniani zimeshatazama kipindi hicho karibuni na bado zina vipande vyake, inaviomba huku na huku kwa wakati mmoja, inavipanga na kuvionyesha. Kipande kisichopatikana kwa majirani kinachotwa kutoka seva za kampuni. Kipindi kinachopendwa na wengi kinakuwa rahisi kukisambaza, kwa sababu kila mtazamaji ni mnara mdogo. Ni hesabu tamu kwa kampuni. Kwa runinga ya kawaida ya intaneti, watazamaji wakiongezeka mara kumi gharama inaongezeka karibu mara kumi. Hapa, wanaoongezeka wanakuja na usafiri wao.

Wenyewe waliweka wazi tarakimu: saa 1 ya kutazama ilipakua megabaiti zipatazo 320 na kupakia megabaiti 105. Piga hesabu. 320 kwa saa ni kilobiti 711 hivi kwa kila sekunde, bila kupumzika. Na 105 ni kilobiti 233 kwa sekunde kwenda juu.

Ofisini kwetu tulikuwa na kilobiti 256 kushuka na 64 kupanda, kupitia dishi la setilaiti lililokuwa juu ya paa, na tulikuwa watu 14. Hicho ndicho kilichokuwa cha kawaida. Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wowote wa baharini, kila herufi tuliyoituma nje ilipanda angani kilomita 36,000 na kushuka upande wa pili, na megabiti 1 ya namna hiyo iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza halikuwa jaribio. Ile nembo ya kusubiri ilizunguka, picha ikatokea sekunde 4, ikaganda. Kisha wenzangu wakaanza kuinuka mmoja mmoja kuuliza ni nani ameua intaneti.

Jaribio la pili nililifanya kwa mteja. Nilikuwa nikitunza mtandao wa shirika moja lisilo la kiserikali lililokuwa na mkondo wa megabiti 1 kushuka na kilobiti 256 kupanda, utajiri mkubwa kwa siku hizo. Jumamosi hakukuwa na mtu ofisini isipokuwa mlinzi. Nikaiweka Joost kwenye kipakatalishi changu, nikaunganisha waya, na tazama, ikacheza! Niliketi pale saa nzima. Sitawaficha, nilisisimka. Nilikuwa nikitazama runinga isiyotoka kwa kituo chochote, isiyo na antena, inayochotwa kwa watu wasiojuana, na ilikuwa ikicheza katika chumba cha seva jijini Nairobi. Nikawasha Wireshark nione vipande vinatoka wapi. Uholanzi, Ujerumani, Marekani, tena Uholanzi. Hakuna hata kimoja cha Kenya, wala cha Afrika.

Nikaona vyema niiache ikiendelea ili nipate takwimu za saa kadhaa, nikaenda kula.

Nilichosahau ni kwamba kila mwisho wa mwezi, Jumamosi alasiri, kompyuta ya uhasibu hutuma vitabu vya mwezi kwa makao makuu huko Ulaya. Nilikuwa nimeupanga utaratibu huo mimi mwenyewe! Mkondo wa kupanda ulikuwa kilobiti 256, na Joost ilikuwa imechukua karibu zote, ikiwagawia Wazungu vipande vya video ya muziki. Vitabu vilijaribu kutoka mara tatu vikakatika. Jumatatu makao makuu hawakuvikuta, na bila vitabu hawaachilii fedha za mwezi. Mishahara ya watu wapatao 30 ilichelewa siku 2. Nilikwenda kukiri kwa mama aliyekuwa mkuu wa uhasibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo runinga yako ilikuwa tamu?" Hakunifukuza. Lakini kwa mwaka mzima kila nikipita alikuwa akiniuliza habari za runinga.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoandika tukio hilo katika tathmini: "Programu hutumia mkondo wa kupanda kwa wingi, inashauriwa isitumike katika ofisi zenye mkondo mdogo." Basi. Sentensi moja. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jambo ambalo lingenionyesha udhaifu wa kitu chote, nami nikaligeuza kuwa maelekezo ya matumizi. Mpango wote wa Joost ulitegemea watazamaji kuwa na mkondo wa kupanda wasiouhitaji, ambao haumgharimu mtu. Nyumba za Leiden zilikuwa nao. River Road haikuwa nao, na hata huko kwao waliokuwa nao wa kutosha hawakuwa wengi kama mpango ulivyotaka.

Jambo la pili nililoliona na kulipita ni chaneli zenyewe. Vipindi vingi nilivyokuwa nimesoma habari zake, hasa vile vya Viacom, sikuvikuta nikiwa Kenya. Mikataba ilitiwa saini kwa nchi, na Kenya haikuwa katika orodha ya mtu yeyote. Nikaandika kwamba "orodha ya vipindi kwa Afrika inatarajiwa kukua". Nilitarajia mimi, hakuna aliyeniahidi.

Alama zangu zilikuwa hivi: ubora wa picha 9, urahisi wa kutumia 9, ulinzi wa hakimiliki 10, matumizi ya mtandao 5. Wastani ukawa 8.25 (moyo ulikuwa umeshapenda), nikaandika 8 kwa 10. Ushauri: "Usiweke filamu YouTube. Subiri Joost ifungue milango kwa watayarishaji wadogo."

Rafiki yangu akasubiri.

Oktoba 2007 Joost ilifunguliwa kwa watu wote bila mwaliko. Tatizo ni kwamba mwezi uleule NBC na News Corp walianza kuijaribu Hulu, ikafunguliwa kwa Wamarekani wote Machi 2008. Hulu haikuwa na cha kupakua. Unafungua kivinjari, unabofya, unatazama. Desemba 2007 Adobe walitoa toleo la Flash lenye uwezo wa kucheza H.264, ile kodeki iliyokuwa fahari ya Joost. Kuanzia siku hiyo picha safi ilipatikana ndani ya kivinjari chochote. Nilikuwa nimeipa Joost alama 9 kwa urahisi, lakini nilianza kuhesabu kutoka pale programu inapofunguka. Sikuhesabu kuitafuta, kuipakua, kuisakinisha, kuwa na haki ya kuisakinisha kwenye kompyuta ya kazini, kuiboresha kila baada ya wiki chache. Binamu wa Atlanta, aliyekuwa akitazama vitu mapumziko ya saa saba kwenye kompyuta ya mwajiri, asingeweza hata kuanza. Na yeye ndiye aliyekuwa mtazamaji wetu!

BBC nao walipita njia hiyohiyo, na kwao somo lilikuwa la wazi zaidi. iPlayer yao ya kwanza ilikuwa programu ya kupakua yenye kugawana baina ya kompyuta za watumiaji. Krismasi 2007 wakaongeza kutazama moja kwa moja kwenye kivinjari, na watu wakahamia huko kwa wingi. Desemba 2008 wakaachana na mfumo wa kugawana. Aliyesimamia kazi hiyo ya ufundi, Anthony Rose, alikuwa ametoka Kazaa. Yaani mtu aliyelijua wazo lile kuliko wengi ndiye aliyeliweka kando.

Joost nao wakafuata, wakiwa wamechelewa. Vuli ya 2008 wakahamia kwenye Flash, na Desemba mwaka huo programu ya kompyuta ikazimwa. Ile kazi yote ya Leiden, vipande vilivyofumbwa, skrini isiyo na fremu, vyote vikawekwa kabatini. Walichobaki nacho ni tovuti ya video kama nyingine, isiyo na vipindi vizuri kama Hulu wala umati kama YouTube. Mwisho wa Juni 2009 wakatangaza kupunguza wafanyakazi na kugeukia kuwauzia wengine mitambo ya video, na Volpi akaondoka kwenye ukurugenzi. Novemba 2009 mali zake zikanunuliwa na Adconion, kampuni ya matangazo. Miaka 2 na miezi kadhaa tangu tathmini yangu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kugawana baina ya watumiaji lilikuwa wazo la kipumbavu. Spotify walipoanza mwaka 2008 walilitumia, na wakaendelea nalo kwenye kompyuta hadi 2014. Wimbo ni mwepesi, mkondo wa mtu wa kawaida unaumudu na kusaza. Huko China PPLive ilikuwa na watu wengi sana, na hapa Nairobi nawajua vijana waliotazama mpira wa Uingereza kwa SopCast wakivumilia picha iliyokatika kila Arsenal ikikaribia goli. Mtu huvumilia mengi kwa mpira wa moja kwa moja. Hakuna anayevumilia kwa kichekesho alichoweza kukitazama kesho.

Kuna jambo jingine ambalo mimi kama Mkenya nilipaswa kuliona mapema. Nilipotazama Wireshark na kukosa hata kipande kimoja cha Kenya, nilijiambia ni kwa sababu watumiaji hapa ni wachache. Lakini fikirieni ingekuwaje kama jirani yangu mtaa wa pili angekuwa nacho. Tulikuwa na KIXP, kituo cha kubadilishana data za ndani, kilichoanza mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa na msimamizi wa mawasiliano baada ya siku chache kufuatia malalamiko ya Telkom iliyokuwa na ukiritimba, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla ya hapo barua pepe kutoka Westlands kwenda Industrial Area, ikiwa watoa huduma ni tofauti, ilipanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Watu walipigania kituo kile kwa sababu ileile: kilicho karibu kichukuliwe karibu. Programu ya Joost ingewafaa Wakenya kama ingekuwa na Wakenya wengi ndani yake na vipindi vya kuwavuta wengi hao. Haikuwa na chochote cha Kenya, kwa hiyo haikuwa na jirani, kwa hiyo ilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyeingia. Filamu za rafiki yangu zingekuwa ndicho kivutio chenyewe. Lakini mlango wa watayarishaji wadogo niliomwambia ausubiri haukufunguka kwa watu wa River Road.

Halafu mikongo ikaja. SEACOM iliwashwa Julai 2009, na TEAMS, ile ya kutoka Fujairah hadi Mombasa, nayo ikafika mwaka huohuo. Bei zikaanza kushuka. Wakenya wengi zaidi walipoingia mtandaoni waliingia kwa simu, kwa vifurushi vinavyohesabiwa kwa megabaiti, na mwambie mwenye kifurushi cha megabaiti 50 kwamba programu itachukua theluthi moja zaidi ili kumgawia mtu wa Ujerumani! Joost ilikufa mwaka uleule ambao kwetu kutazama video kulianza kuwezekana. Nimewahi kusikia watu wakisema ilikuja mapema mno. Kwa Nairobi naona haikuja kabisa, ilipita tu juu, kwenye setilaiti.

Narudi kwa rafiki yangu. Januari 2008, katika siku zile za machafuko baada ya uchaguzi, duka alilokuwa akiuzia lilifungwa karibu wiki mbili, na liliporudi wateja hawakurudi kwa haraka. Alinipigia simu mara mbili mwaka huo kuuliza kama wale watu wa Uholanzi wameshafungua. Mara zote mbili nikamwambia bado kidogo.

Mwaka 2010 akanipigia tena. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu alikuwa amemtumia barua pepe kutoka Dallas, kumpongeza kwa filamu yake. Tukafungua pamoja kwenye kompyuta ya saiba, shilingi 1 kwa dakika. Kichekesho chake cha 2006 kilikuwa YouTube, kimekatwa vipande 7 kwa sababu wakati huo huwezi kuweka video ya zaidi ya dakika 10, na aliyekiweka alikuwa mtu asiyejulikana mwenye picha ya mbwa. Kilikuwa kimetazamwa mara maelfu. Chini yake watu waliandika kwa Kikuyu na Kiswahili kutoka Minnesota, Birmingham, Doha, wakiomba nyingine. Wengine waliuliza watamtumiaje pesa. Mwisho wa filamu alikuwa ameweka nambari yake ya simu kwa maandishi makubwa, lakini mwizi aliikata sehemu hiyo, labda ili kipande cha 7 kitoshee.

Rafiki yangu akasoma yale maandishi yote hadi chini, tukiongeza dakika. Kisha akanigeukia akauliza nimfungulie akaunti. Tuliweka filamu ya kwanza jioni ileile. Kwa mkondo wa saiba ile, kipande kimoja cha dakika 9 kilichukua karibu saa 2 kupanda, na mwenye saiba akaja kutuuliza ni nani ameua intaneti.